Kwa nini fomu huandika "Sahihi" wakati sisi tunasema "saini"? Asili ya neno hili ni ipi?

#1 Mkazi wa Nkuhungu

Wana jukwaa, salaam. Wiki iliyopita nilimsindikiza mama yangu mzazi katika ofisi moja hapa Dodoma mjini kufuatilia karatasi za kiwanja chetu. Akapewa fomu, na kwa kuwa anajua kusoma na anapenda ijulikane kwamba anajua, alikataa nimjazie. Alijaza jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu, mtaa na kata bila kukwama popote. Chini kabisa palikuwa na neno "Sahihi", nukta mbili, kisha mstari wa vitone. Mama akausoma, akatafakari kidogo, akaandika kwa herufi kubwa: NDIYO.

Karani alicheka mpaka akavua miwani. Mama hakucheka. Alimwambia, "Mwanangu, umeniuliza kama niliyoyaandika ni sahihi, nami nimekujibu. Ulitaka nijibuje?" Tukapewa fomu nyingine.

Tangu siku hiyo swali hili limenikaa kichwani. Mtaani tunasema saini, fomu zinasema sahihi, bibi zetu walikuwa wakisema "kutia mkono", na wasiojua kuandika tunaambiwa waweke dole. Je, haya yote ni kitu kimoja? Neno lipi lilitangulia na limetoka wapi? Naomba wajuzi mnisaidie, ikiwezekana kabla mama hajapewa fomu ya tatu.

#2 Karani Mstaafu

Mama yako hakukosea hata kidogo, kwa kuwa fomu ndiyo iliyouliza swali vibaya.

Nimekaa kwenye meza za serikali za mitaa kwa zaidi ya miaka thelathini, Mpwapwa, Manyoni na hatimaye hapa mjini. Tulipoanza kazi, lugha ya maandishi ilikuwa "sahihi", na ndiyo lugha tuliyofundishwa. Ukifungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 utakuta sahihi imepewa maana zote mbili, ile ya jambo lililo kweli na ile ya jina ambalo mtu hulitia chini ya waraka. "Saini" ilikuwa lugha ya mdomoni: watu walisaini mshahara na walisaini daftari la mahudhurio, lakini barua ilitiwa sahihi. Kwa hiyo jibu langu ni fupi. Sahihi ni neno la Kiarabu na ndilo lililotangulia, saini ni neno la Kiingereza, "sign", na lilikuja baadaye likaligeuza lile la kwanza kuwa mgeni nyumbani kwake.

#3 Mwalimu wa Kibaigwa

Shikamoo Karani Mstaafu. Ninakubaliana nawe kuhusu nani alitangulia, lakini umeacha kutueleza kwa nini mgeni alishinda, na sababu ninayoiona mimi iko kwenye sarufi.

Sahihi haina kitenzi chake kwa maana hii. Ukitaka kitenzi ni lazima uazime kingine: utatia sahihi, au utaweka sahihi. Ukijaribu kuinyambua moja kwa moja unapata "kusahihisha", na hiyo ni kazi ninayoifanya mimi kila jioni kwa kalamu nyekundu juu ya madaftari ya darasa la sita. Sasa fikiria mkuu wa ofisi anamwambia katibu wake, "Niletee barua niisahihishe." Je, anataka kurekebisha makosa au anataka kuiruhusu iondoke? Saini haina shida hiyo. Ni nomino na ni kitenzi kwa wakati mmoja: saini yangu, nimesaini, nisainie, mkataba umesainiwa, walisainiana. Neno linalobeba viambishi vyote hivyo bila kulalamika hupendwa na wasemaji, hata kama wazee wa lugha wananuna.

#4 Bint Kondoa

Ndugu zangu, mmesema sahihi ni Kiarabu mkaishia hapo, kana kwamba jambo limekwisha. Halijaisha, kwa sababu Mwarabu wa leo ukimwambia atie "sahihi" atakushangaa kama karani alivyomshangaa mama wa mleta mada. Kwake sahihi ni kilicho kweli, kizima, kisicho na kasoro, kama tunavyosema hadithi sahihi. Kitendo cha kusaini yeye hukiita "tawqii", na Waturuki nao walichukua neno jingine la Kiarabu wakalifanya "imza". Basi sisi tuliipataje sahihi kwa maana ya saini?

Marehemu babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Kondoa na aliacha sanduku la barua za hati ya Kiarabu. Katika nakala za vitabu vya kale, mwandishi aliporuka neno na kuliongeza pembezoni, aliandika kando yake "sahh", yaani hapa pako sawa, hili ni langu, halikuongezwa na mwingine. Nadhani tuko karibu sana na maana ya saini hapo, kwa sababu alama hiyo ndogo haisemi jina la mtu, inasema tu kwamba maandishi haya yamethibitishwa.

Tena barua za zamani hazikuwa na saini ya mchoro kama hizi zetu. Mwisho wa barua uliandikwa sentensi nzima: "wakatabahu", jina la mwandishi, kisha "biyadihi", maana yake "na ameyaandika fulani kwa mkono wake". Ndiyo maana bibi zetu walisema kutia mkono. Wala si Wagogo au Warangi waliobuni usemi huo, umetoka kwenye barua.

#5 Mtoto wa Barabara ya Saba

Dada Bint Kondoa, heshima yako, lakini umeenda Arabuni wakati jibu lilikuwa dukani.

Nimekulia kwenye duka la Kigujarati hapa mjini, baba yangu akiwa mpimaji na mimi nikiwa kijana wa kubeba magunia. Mzee mwenye duka alikuwa na daftari refu jembamba lenye jalada jekundu, na mteja aliyekopa karanga au mafuta aliambiwa, "Tia sahi." Kwa miaka mingi nilidhani anakosea Kiswahili. Baadaye mwanawe alinieleza kwamba kwa Kigujarati saini ndiyo inaitwa "sahi", na Wamarathi nao husema hivyohivyo. Neno hilohilo kwao lina maana ya kitu kilicho sawa. Maana zote mbili, katika neno moja, kama kwetu!

Sasa tazama maneno ya biashara tuliyopokea kutoka upande huo: hundi, duka, chapa. Watu waliotuletea hundi ndio waliotuletea na kalamu ya kuisainia. Kwa hiyo mimi nasema sahihi yetu ya kwenye fomu imepita dukani kwanza.

#6 Mzee wa Zuzu

Kumbe deni la baba yangu la mwaka 1968 lina asili ya Bara Hindi. Nitawaarifu wadai.

#7 Bint Kondoa

Kaka wa Barabara ya Saba, hilo la Kigujarati sikulifikiria na ninakushukuru. Lakini ukumbuke kwamba "sahi" yao nayo ni "sahihi" ya Kiarabu iliyopita kwa Waajemi ikafika India. Kwa hiyo sote tunazungumzia maji ya kisima kimoja, tunabishania ndoo. Swali linalobaki ni kama maana ya saini ilizaliwa India ikaletwa pwani na wafanyabiashara, au ilizaliwa pwani na India kila moja kwa wakati wake, kwa kuwa mantiki ni ileile: mtu anayeandika "ni kweli" chini ya hesabu amekwisha kuikubali hesabu. Mimi bado naegemea upande wa pili. Ushahidi wa daftari jekundu unatuonyesha kwamba neno lilitumika dukani, hautuonyeshi kwamba lilianzia hapo.

#8 Reli ya Kati

Nimesoma yote. Nakubali sahihi ni ya Mashariki, lakini kuhusu saini mmemkimbilia Mwingereza haraka mno. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 chini ya Wajerumani, na vibarua walilipwa kwa orodha. Ni wazi kwamba neno saini tulilipata kwao, wakati Mwingereza bado yuko Mombasa.

#9 Mwalimu wa Kibaigwa

Mkuu Reli ya Kati, mwaka umeupatia, ila lugha umeikosea. Saini kwa Kijerumani ni "Unterschrift", yaani maandishi ya chini. Kama tungeazima kwao leo tungekuwa na "untashirifuti", na mama wa mleta mada asingeandika NDIYO, angeondoka kabisa.

Lakini hujakosa yote, kwa sababu reli ina ndugu wa neno hili. Kiini ni Kilatini "signum", maana yake alama. Katika jeshi la Roma, signum ilikuwa pia ile bendera au mti wenye nembo uliobebwa mbele ya kikosi ili askari wajue wako upande gani. Kutokana na signum kuna kitenzi "signare", kutia alama au kutia muhuri, na kutokana na hicho ndiyo Waingereza wakapata "signature" katika karne ya 16. Signum ndogo iliitwa "sigillum", na hiyo ndiyo muhuri. Kwa hiyo siginali unayoiona pale stesheni, ile inayoiruhusu treni kuingia, ni ndugu wa damu wa saini iliyo kwenye tiketi ya mizigo.

Tazama pia masikio yetu yalivyofanya kazi. Waingereza huandika "sign" kwa g lakini hawaitamki, nasi tukaazima tulichosikia, tukaacha walichoandika. Katika siginali g inasikika, basi tukaichukua. Ukiona neno saini halina g, ujue liliingia kwa kusikika kabla ya kusomwa.

#10 Mfamasia wa Bahi

Naongeza tawi ambalo wengi hamliangalii. Chukueni cheti chochote cha dawa kilichoandikwa kwa utaratibu wa zamani. Baada ya jina la dawa na kiasi chake, daktari huandika "Sig." na mbele yake maelekezo. Wagonjwa wengi huamini kwamba hapo ndipo daktari anapopaswa kusaini. Sivyo. Ni Kilatini, ni amri kwa mfamasia: tia alama, andika juu ya chombo yale ambayo mgonjwa ataelekezwa. Ile "1×3" tunayoiandika kwenye kibahasha cha vidonge ndiyo "sig." yenyewe. Kwa hiyo katika taaluma yetu neno hilo halimhusu aliyeandika hata kidogo, linamhusu atakayemeza.

Na karne kadhaa zilizopita huko Ulaya walikuwapo watu kama Paracelsus waliofundisha kwamba Mungu ameitia kila mmea saini yake, yaani umbo la mmea linaonyesha ugonjwa unaoutibu. Kokwa ya tunda la jozi imekunjamana kama ubongo, basi ni dawa ya kichwa. Sayansi haikuthibitisha mambo hayo, lakini msicheke sana, kwa maana nimewahi kuletewa dukani mzizi mwekundu na mzee mmoja aliyeniapia kwamba rangi yake pekee inatosha kuonyesha kuwa unaongeza damu.

#11 Fundi wa Chapa

Sisi wa mitambo nasi tuna saini yetu. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili kisha hukunjwa, mara nyingi ikatoa kurasa 16, na kila mkunjo huo kwa Kiingereza huitwa "signature". Jina hilo lilitokana na herufi ndogo iliyopigwa chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, A, B, C na kuendelea, ili mshonaji asichanganye. Wachapaji wa zamani walifuata alfabeti ya Kilatini ya herufi 23, kwa hiyo waliruka J na W, na kati ya U na V walitumia moja tu. Nilipoanza kazi niliwahi kushona mkunjo wa nne kabla ya wa tatu katika daftari la mahesabu la watu, nakala mia mbili. Nilikatwa mshahara, na karatasi ya makato nikaisaini mwenyewe.

#12 Binti wa Hombolo

Mnazungumzia kalamu tu. Na dole je?

Bibi yangu alizaliwa kijiji cha jirani na Hombolo na hakuwahi kuingia shule. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, aliingia kisomo jioni chini ya mbuyu, na alituambia wazi kwamba hakuenda kujifunza kusoma magazeti. Alikwenda ili aache kuchafuliwa kidole. Katika ushirika, waliojua kuandika walipewa kalamu, na wasiojua walishikwa mkono na karani, wakabonyezwa kwenye kidau cha wino kama mtoto anayenawishwa. Alijifunza herufi sita za jina lake, akaacha zilizobaki. Hadi leo anaziandika taratibu, moja moja, akitoa ncha ya ulimi nje, na hakubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Kisha mwaka 2019 ukaja usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Tukampeleka. Akaweka kidole kwenye kile kioo, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Miaka sitini ya jembe na mtwangio ilikuwa imefuta mistari yote. Akageuka akamwambia yule kijana, "Nipe kalamu, mimi ninajua kuandika." Kijana akasema kalamu haitakiwi. Bibi alinuna mpaka tukafika nyumbani, na mimi sikumlaumu.

#13 Mtoto wa Barabara ya Saba

Pole kwa bibi. Nami narudi kwa Bint Kondoa kuhusu "kutia mkono". Mimi nasema ni mkono wenyewe, nyama na mifupa. Mwaka 1858 kule Bengali, ofisa mmoja Mwingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi wa kokoto apake wino kwenye kiganja kizima na kukigandamiza nyuma ya mkataba, ili baadaye asije akakana. Ndipo alipoanza kuchunguza kwamba vidole vya watu havifanani. Hapo hakuna "biyadihi" wala barua.

#14 Karani Mstaafu

Na tena ni Bara Hindi! Kijana, ukiendelea hivi utatuambia hata zabibu za Makutupora zilitoka kwa yule mzee wa daftari jekundu.

Kutia mkono hakuhitaji kiganja. Tunasema mtu ana "mkono mzuri" tukimaanisha mwandiko wake, na kitabu kilichoandikwa bila mashine tunakiita hati ya mkono. Mkono hapo ni mwandiko, kama alivyoeleza Bint Kondoa.

#15 Wakili wa Area D

Niruhusuni niseme neno la kisheria, kwa kuwa huku kwetu tofauti ya maneno haya huwafikisha watu mahakamani.

Sheria ya mila ya wosia, iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, inataka mwenye kutoa wosia wa maandishi atie sahihi yake ikiwa anajua kusoma na kuandika, na kama hajui aweke alama ya kidole gumba cha kulia. Halafu sikilizeni sehemu inayowashinda wengi: anayejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, lakini asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Maana yake ni kwamba sheria haikulidharau dole, ila ililiwekea walinzi zaidi. Warumi walikuwa wakali kuliko sisi, wosia wao ulipigwa mihuri na mashahidi saba.

Upande wa mikataba, msimamo unaofuatwa tangu kesi ya L'Estrange na Graucob ya Uingereza ya mwaka 1934 ni kwamba mtu aliyesaini amefungwa na yaliyomo hata kama hakuyasoma, isipokuwa alidanganywa au alipotoshwa. Bi L'Estrange alikuwa na mgahawa, akanunua mashine ya kuuzia sigara, na masharti yaliyomfunga yalikuwa kwa maandishi madogo mno. Kwa hiyo sheria haiulizi kama unakubali kwamba maneno ni sahihi. Inauliza kama mkono ni wako. Mama wa mleta mada alijibu swali la haki, lakini fomu ilikuwa inauliza swali la ushahidi.

#16 Mzee wa Zuzu

Wakili, na yule chifu wetu wa Dodoma, Mangungu, aliyemsainia Mjerumani nchi nzima, naye tuseme mkono ulikuwa wake basi yamekwisha?

#17 Reli ya Kati

Mzee wangu, kwa heshima zote, Mangungu hakuwa wa Dodoma. Alikuwa wa Msowero, Usagara, upande wa Kilosa. Mkataba wake na Carl Peters ni wa tarehe 29 Novemba 1884, na Peters alizunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami kwa majuma machache tu akikusanya karatasi za namna hiyo, zilizoandikwa kwa lugha ambayo machifu hawakuisoma. Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akazikubali kama hati halali. Nimekosea kuhusu untashirifuti, hili nimelisoma vizuri.

#18 Wakili wa Area D

Ahsante kwa marekebisho. Kuhusu swali la Mzee wa Zuzu, ipo kanuni inayomruhusu mtu kusema kwamba tendo hilo si lake, kwa kuwa hakujua kabisa aina ya waraka alioutia mkono, hasa asiyejua kusoma. Mangungu angeweza kuitumia vizuri sana. Tatizo lilikuwa ni nani angeisikiliza kesi.

#19 Mfugaji wa Mpwayungu

Mimi si mtu wa karatasi. Kwetu kabla ya fomu kulikuwa na sikio la ng'ombe. Babu alikata pembe ya chini ya sikio la kushoto, na kaka yake alikata palepale lakini akaongeza tobo. Ng'ombe akipotea hadi Manyoni, mtu akimwona anasema huyu ni wa ukoo fulani, bila kusoma wala kuuliza. Siku hizi tunapewa hereni zenye namba, na ili kumjua mwenye ng'ombe inabidi kwanza kuwe na mtandao. Huyo signum wa Warumi aliyetajwa na Mwalimu ninamwelewa vizuri kuliko ninyi wenye kalamu. Saini ni alama ya mwenye mali, na kuandika jina kumekuja juzi tu.

#20 Fundi Kompyuta wa UDOM

Naingia kwa kuchelewa. Kuna kosa ninaloliona kila siku: mtu anapiga picha saini yake ya kalamu, anaibandika kwenye barua ya kompyuta, kisha anasema ameweka saini ya kidijitali. Hiyo ni picha tu, na yeyote mwenye barua hiyo anaweza kuinakili akaibandika kwingine.

Saini ya kidijitali, ambayo Diffie na Hellman waliieleza kinadharia mwaka 1976, haina mchoro wowote. Programu huchukua maandishi yote ya waraka na kuyafupisha kuwa namba moja, kisha namba hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri alionao mwenye kusaini peke yake. Mpokeaji huifungua kwa ufunguo mwingine ulio wazi kwa watu wote. Ukibadilisha hata nukta moja katika barua, namba hazitalingana na saini itakataa. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua saini za kielektroniki.

Sasa oneni ajabu yake. Saini ya kalamu inasema mimi nilikuwapo, haijui lolote kuhusu maneno yaliyo juu yake. Saini ya kidijitali inathibitisha na maneno yenyewe. Kwa hiyo hiyo ndiyo inayostahili kuitwa sahihi, na tumeiita saini. Tumeyapachika majina kinyume.

#21 Bint Kondoa

Ni hoja tamu, kaka, lakini haisimami. Mashine yako inathibitisha kwamba maneno hayajabadilishwa, haithibitishi kwamba ni ya kweli. Uongo uliosainiwa kidijitali ni uongo uliohifadhiwa vizuri. Yule mwandishi wa "sahh" pembezoni alikuwa amesoma upya na kulinganisha na nakala ya mwalimu wake kabla ya kuweka alama.

#22 Karani Mstaafu

Na nyote mmeusahau muhuri. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona mwananchi akiuliza saini ni ya nani. Akipewa barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji anaigeuza kwenye mwanga kutafuta muhuri, na kama haupo anairudisha. Toeni noti mfukoni. Ina saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Ni nani kati yetu aliyewahi kuzisoma kabla ya kununua mkaa?

#23 Mkazi wa Nkuhungu

Ninawashukuru nyote, ingawa nimetoka na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Nilimsomea mama mabandiko haya jana usiku. Alimkubali Mfugaji wa Mpwayungu, akamhurumia bibi wa Hombolo, na kuhusu Wakili alisema kwamba mtu anayetaka mkono wa mwenzake aseme anataka mkono.

Leo asubuhi tulirudi pale ofisini. Sijui kama ni karani yule aliyewaambia wakubwa zake, lakini fomu imechapwa upya. Chini sasa pameandikwa: "Saini/Sahihi/Dole gumba", na mbele yake mstari mmoja wa vitone. Mama ameniuliza aanze na kipi.

#24 Fundi wa Chapa

Huo mstari una urefu wa sentimita ngapi? Nauliza kwa sababu vyote vitatu havitaingia.